Kadi za Ruti Juu ya Meko

“Mama Ruti, niambie kweli mwenzangu, hivi huyo binti yako serikali imempeleka Dar es Salaam kujifunza kutoboa karatasi?”

Marita, jirani yao, aliuliza swali hilo akiwa amesimama mlangoni mwa jiko la Enesi, ungo wa maharage kiunoni, macho yamemganda kwenye kadi ambayo Ruti alikuwa ameinyanyua kuielekeza kwenye mwanga. Ilikuwa masika ya mwaka wa sabini na saba, na Ihanda yote ilikuwa tope tupu. Kadi yenyewe ilikuwa ngumu kidogo, rangi ya maziwa yaliyolala, upana wa kiganja, na imejaa vitundu vya pembe nne vilivyopangana vizuri, kama imeliwa na mdudu mwenye adabu.

Enesi alicheka siku ile. Swali hilo lilimrudia mara nyingi baadaye, na hakucheka tena.

Ruti alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki. Mume wake, Efraimu, alikuwa amekufa miaka sita iliyopita, na mdogo wake Ruti, Boazi, akamfuata baba yake mwaka wa sabini na nne, ana miaka minne. Ruti alimaliza kidato cha nne, akapata kazi ya kupiga taipu kwenye ofisi moja pale Vwawa. Halafu ikaja barua: serikali inatafuta vijana wenye hesabu nzuri wajifunze kompyuta tangu mwanzo kabisa, mwaka mzima, na wakifaulu wabaki hukohuko kuiandikia programu. Mkoa mzima walichukuliwa wawili. Enesi alipoisikia habari hiyo alifunga siku tatu kumshukuru Mungu, na Jumapili akasimama kanisani akatoa ushuhuda mpaka mchungaji akamwonyesha saa.

Sasa Ruti alikuwa amefika mwezi wa tisa wa masomo. Kipande kimoja cha mtambo wa kompyuta kilikuwa kimeharibika, kingine kikawa kinasubiriwa kutoka ng’ambo, na wanafunzi wote tisa wakaambiwa waende makwao kwa mwezi mmoja. Kwa kuwa chumba cha stoo kilikuwa kinavuja, mwalimu wao, Ndugu Shaban, aliagiza kila mmoja aondoke na kadi zake na kuzitunza mwenyewe. Ruti alizileta kwenye boksi la viatu, zimefungwa kwa mpira, kadi mia moja na sitini na nane. Akirudi atapewa robo saa moja ya mtambo, moja tu. Programu yake ikifanya kazi, amefaulu. Isipofanya, atarudi kwenye taipu yake Vwawa.

“Si kutoboa karatasi, mama mdogo,” Ruti alimjibu Marita. “Kila kadi ni agizo moja. Mtambo unazisoma moja moja, kwa mpangilio. Penye tundu unaelewa ndiyo, pasipo na tundu unaelewa hapana.”

“Basi? Mambo mawili tu?”

“Mawili tu.”

“Mbuzi wangu anajua zaidi,” Marita akasema, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. “Anajua ndiyo, anajua hapana, na anajua njia ya kwenda shamba la watu.”

Walicheka wote watatu. Ruti akaweka kadi chini, akauchukua ule ungo wa maharage.

“Haya, mama. Wewe ndiye mwandishi wa programu. Mimi ni mtambo. Niagize nichambue.”

“Chambua maharage,” Enesi akasema.

Ruti akatulia, mikono magotini, macho mbele kama sanamu.

“Mbona hufanyi?”

“Mtambo haujui maana ya kuchambua.”

“Mvivu kama Lusungu wangu,” Marita akasema. Lusungu alikuwa kitinda mimba wake.

Enesi akajikohoza. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne kwa Wamoraviani, na alipenda kitu kikifanywa kwa utaratibu. “Chukua punje moja. Itazame. Kama imeoza, itupe nje. Kama haikuoza, iweke chunguni.”

Ruti akachukua moja, akaitazama, akaiweka chunguni. Kisha akaganda tena.

“Endelea basi!”

“Hujaniambia nirudi kwenye nyingine.”

“Ai! Rudi mwanzo. Fanya hivyohivyo mpaka ungo uishe.”

Hapo Ruti akaenda kwa kasi, punje hii chunguni, ile nje, hii chunguni, mpaka vidole vyake vikaokota kijiwe. Akakitazama vizuri, akakiweka chunguni.

“Wewe! Si jiwe hilo?”

“Halikuoza, mama.”

Marita alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Enesi naye alicheka, ila aliona uso wa binti yake umebadilika, umekuwa wa mtu mzima anayesema jambo la kazi yake.

“Ndivyo ulivyo,” Ruti alisema, akikitoa kijiwe. “Usichouambia haukijui. Haukisii wala hauulizi. Wenzangu wanne walifukuzwa mwezi wa tatu wa masomo, si kwa sababu ni wajinga. Waliacha jambo dogo bila kulisema, wakidhani litajulikana lenyewe.”

Jioni, Marita alipokwisha kwenda zake, Ruti alimweleza mama yake programu yake inafanya nini. Hilo hakutaka kulisema mbele ya mtu.

Mwaka ule wa sabini na nne, wachanjaji wa surua walikuja Ihanda mara mbili. Mara ya kwanza Boazi alikuwa na homa, wakasema wasimchanje, watarudi. Waliporudi, daftari la mara ya kwanza lilikuwa limebaki kwenye gari jingine. Hakuna aliyejua mtoto yupi alichanjwa na yupi aliachwa. Wakaingia nyumba za mwanzo za kijiji, wakawachanja tena waliokwisha chanjwa, dawa ikaisha kabla hawajafika kwa Enesi. Wiki tano baadaye alimzika.

“Programu yangu inasoma majina ya watoto wa kijiji kizima,” Ruti alisema. “Mara ya pili ya chanjo inapofika, mtambo unachapa majina ya walioachwa tu, na nyumba zao. Ndugu Shaban alisema kila mtu achague kazi yake ya mtihani. Nikachagua hii. Majina nimeweka ya Ihanda, kila jina na kadi yake, yale uliyonitajia kwenye barua.”

Akachomoa kadi ya mwisho kabisa, akaiweka mkononi mwa mama yake.

“Na hii?” Enesi akauliza.

“Boazi Efraimu. Ameachwa mara ya kwanza kwa homa. Mtambo ukifika kwake utamwandika.”

Enesi alipitisha kidole juu ya vitundu polepole. Boazi hakuwahi kupigwa picha. Nguo zake zilikwisha gawiwa matanga yalipoanuliwa, na kaburi lake lilikuwa limezama kwa mvua mbili zilizopita. Aliirudisha kadi nyuma ya wenzake, akaufunga mpira kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki ya mwisho ya likizo zikaja habari kwamba shangazi yake Ruti, Jenista, amelazwa pale Mbozi Mission na anamwita. Ruti akafunga kitenge chake, aende akalale huko siku tatu amuuguze. Mlangoni akageuka.

“Mama, boksi langu liko chini ya kitanda. Usiliguse. Lakini mvua ikizidi, liangalie. Hizi kadi kitu kinachoziua ni unyevu. Zikinywa maji zinavimba, mtambo unazikataa.”

“Nenda salama, mwanangu. Hazitapata hata tone.”

Usiku wa kwanza mvua ilikuja na upepo wa upande wa Tunduma, ikainua nyasi za paa juu ya chumba cha Ruti. Enesi aliamka akasikia maji yakidondoka. Alilichomoa boksi chini ya kitanda, akalipapasa: pembe moja ilikuwa baridi na laini. Alilibeba kifuani, akasimama katikati ya nyumba akitafuta mahali pakavu, na hapakuwa na mahali pengine ila mahali pamoja tu.

Juu ya meko yake kulikuwa na uchaga wa fito, mweusi kwa masizi ya miaka. Hapo ndipo kila nyumba ya Ihanda ilipoweka kitu ambacho hakitakiwi kupotea. Moshi unafukuza fukusi, joto linafukuza ukungu. Mahindi ya mbegu aliyoyaacha Efraimu mwaka aliokufa yalikaa kwenye uchaga ule miezi saba, na yalipopandwa hayakukosa hata moja kuota. Biblia ya mama yake Enesi ilipata kukaa pale masika mazima. Akapanda kigoda, akaliweka boksi kati ya mahindi ya mbegu na mbegu za maboga. Kisha akachochea moto, akaongeza kuni mbili za mkaratusi, ili ile pembe yenye unyevu ikauke upesi. Akasali, akalala kwa amani.

Siku ya pili akachochea tena. Na ya tatu.

Asubuhi ya siku ya nne alilishusha, akalifuta masizi, akalifungua ili aone jinsi alivyozitunza. Zilikuwa kavu kabisa. Lakini hazikulala tena kama zilivyolala. Kila kadi ilikuwa imejikunja kidogo, kingo zimeinuka juu kama jani la mgomba lililopigwa jua, na rangi ya maziwa ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Alichukua moja akaibonyeza juu ya meza. Ilipoachiwa ikainuka tena.

Halafu akazifunga kadi zote kwenye kitambaa safi, akaziweka sakafuni, akaziwekea jiwe la kusagia juu yake. Akapiga magoti kando ya jiwe.

“Bwana, wewe ulinyoosha mkono uliopooza,” alisema kwa sauti. “Nyoosha na hizi.”

Zilikaa chini ya jiwe mpaka saa tisa. Alipoziondoa zilikuwa afadhali. Ukizitazama kwa haraka, ungesema ni nzima. Akazirudisha kwenye boksi, boksi chini ya kitanda, upande usiovuja.

Ruti alirudi jioni, amelowa, amechoka, na habari njema kwamba shangazi anaendelea vizuri. Aliinama akachungulia chini ya kitanda, akagusa boksi, akalikuta kavu.

“Ahsante, mama. Nilikuwa nawaza njia nzima. Hazikulowa?”

“Hazikulowa,” Enesi akasema. Na lilikuwa neno la kweli.

“Kuna harufu ya moshi.”

“Nyumba yote inanuka moshi, mwanangu. Nyumba yetu imekuwa na harufu gani siku zote?”

Ruti akacheka, akaenda kuota moto. Usiku ule walikula maharage yaleyale, na mara mbili Enesi alifungua kinywa. Mara ya kwanza Ruti alikuwa anasimulia jinsi Ndugu Shaban anavyowatisha: kwamba mwaka ujao hakuna kuchukua wengine, watakaofaulu ndio hao hao. Mara ya pili alikuwa ameshasinzia akiwa amekaa. Mwache alale, Enesi alijiambia. Ya nini kumtia hofu kwa jambo ambalo nimeshamkabidhi Mungu?

Kesho yake walipanda lori la mahindi mpaka Vwawa. Treni ya kwenda Dar es Salaam ilichelewa saa mbili, wakakaa kwenye benchi la stesheni, boksi mapajani mwa Ruti, mikono yake imelikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Saa mbili zote hizo Enesi alikuwa na nafasi. Alimwambia asisahau kusali. Alimwambia asinywe maji yasiyochemshwa. Alimwambia habari za mbuzi wa Marita. Treni ilipoingia alimshika mkono dirishani, akamwambia, “Ruti,” na Ruti akasema, “Bee, mama?” na Enesi akasema, “Mungu akutangulie.”

Wiki tatu alisali. Alikwenda kanisani asubuhi kabla ya watu, akaketi ubao wa mbele. Aliacha kuweka chumvi kwenye chakula chake, iwe nadhiri. Marita alimwona amekonda.

“Unaumwa, Mama Ruti?”

“Siumwi.”

“Basi ni kompyuta hiyo. Mtoto anafanya mtihani, mama ndiye anayekonda.”

“Namwombea tu, Mama Lusungu.”

“Na mimi nitamwombea. Nitamwomba Mungu mambo mawili tu, ndiyo au hapana, ili mtambo nao uelewe.”

Enesi alijaribu kutabasamu, akashindwa. Marita akamtazama vizuri, akaacha mzaha, akamsaidia kubeba kuni mpaka nyumbani bila kuuliza tena.

Ruti alirudi Alhamisi moja mchana, bila barua ya kutangulia. Enesi alikuwa anapalilia karibu na nyumba. Aliona kwanza mkoba, kisha boksi la viatu, kisha uso wa binti yake, na hakuwa na haja ya kuuliza.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu ndani, jua kali.”

Jua halikuwa kali. Waliingia jikoni. Enesi akampa maji, Ruti akayanywa yote, akaweka kikombe chini taratibu. Boksi likawa mezani kati yao.

“Mtambo ulisoma kadi kumi na moja,” Ruti alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesoma tangazo. “Ya kumi na mbili ikakwama. Mwendesha mtambo akaufunua, akaichomoa imechanika. Kile chumba ni cha baridi, mama, wanakipoza kwa mashine, hakina vumbi wala harufu. Alipofungua boksi langu mwanzoni, harufu ya moshi ilijaa chumba kizima. Mtu mmoja akauliza nani kaleta samaki wa kukausha. Wakacheka.”

Enesi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

“Tukajaribu kuziingiza moja moja kwa mkono. Ya kumi na tatu ikapita. Ya kumi na nne ikachanika. Robo saa ikaisha. Nyuma yangu kulikuwa na kijana kutoka Iringa anasubiri, amezishika zake zimenyooka kama ubao. Ndugu Shaban akanitoa nje kwa heshima. Akaniuliza, ‘Ndugu Ruti, kadi hizi uliziweka wapi?’ Nikamwambia sijui. Hakuniamini. Nani atamwamini mtu asiyejua kadi zake zililala wapi? Akasema programu nimeiandika vizuri, ameisoma kwenye karatasi, haina kosa hata moja. Lakini mtihani ni mtambo, si karatasi. Tukasubiri matokeo mpaka wote tisa wamalize zamu zao; wamechukua watano. Jumatatu naanza taipu Vwawa.”

“Ruti, mwanangu…”

“Ngoja, mama. Nimekaa kwenye treni nikiwaza. Najua ziliwekwa wapi. Nimekulia jiko hili.” Akainua macho kwenye uchaga, kwa mahindi ya mbegu. “Ulitaka kuziokoa. Paa lilivuja, nimeliona. Mimi ndiye niliyekuambia unyevu, sikukuambia joto. Hilo ni kosa langu, na nimeshakusamehe kabla sijafika Makambako.”

Enesi akaanza kulia bila sauti, machozi yakishuka tu yenyewe.

Ruti akaufungua mpira, akachomoa kadi ya mwisho kabisa, akaiweka juu ya meza mbele ya mama yake. Ikajikunja pale, kingo juu.

“Hii haikufika. Ilikuwa ya mwisho.”

Hakuna aliyeigusa. Nje Marita alisikika akimwita Lusungu amfukuze mbuzi.

“Nilifika Dar es Salaam Jumatatu,” Ruti aliendelea polepole. “Zamu yangu ilikuwa Alhamisi. Kuna akina dada wanaotoboa kadi kwenye chumba cha pili. Ukiwapelekea karatasi ulizoandikia programu, kwa siku mbili wanakutobolea boksi zima upya. Karatasi nilikuwa nazo kwenye mkoba. Siku tatu, mama. Nilikaa nazo siku tatu, boksi sijalifungua, nisije nikazivuruga. Ninalo swali moja tu, na nakuomba unijibu ndiyo au hapana. Kabla sijaondoka hapa, uliziona zimejikunja?”

Enesi alifuta uso kwa kiganja. Alitamani kusema habari za jiwe la kusagia. Alitamani kusema habari za kanisa asubuhi, na chumvi, na magoti yaliyovimba, na jinsi alivyoishia kulitaja jina tu pale dirishani pa treni. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa limeulizwa.

“Ndiyo,” akasema. “Niliziona. Nikaomba.”

Ruti alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayetafuta kwenye karatasi mstari ulioachwa. Kisha akaufunga mpira kwenye kadi zilizobaki, akazirudisha kwenye boksi, akaliacha boksi mezani. Akachukua mkoba wake. Mlangoni aliinama kupita chini ya nyasi za paa, akatoka, akashika njia ya Vwawa bila kusema neno jingine.